Mtungi wa Kabati la Arobaini na Moja

1

Fausta Mlowe alikuwa mke wa pili wa mwanamume ambaye mke wake wa kwanza alikufa lakini hakunyamaza.

Huyo wa kwanza, Atuganile, aliugua figo akiwa na miaka thelathini na minne. Katika miezi yake mitatu ya mwisho alikaa kila asubuhi na kofia ya nyaya kichwani, akaongea: utoto wake kule Rungwe, ugomvi wake na dada zake, watu aliowapenda na aliowachoka. Kofia ile haikuchukua maneno tu; ilichukua na njia ambayo maneno yalipita kichwani kabla ya kufika mdomoni. Alipozikwa, yote hayo yaliwekwa ndani ya kabati la chuma lenye kimo cha mtu, namba arobaini na moja, katika Jumba la Sauti pale Njombe, ambako baridi ya milima husaidia kupoza mitambo.

Tangu hapo, ndugu yeyote aliyeketi mbele ya kabati lile akasalimu, aliitikiwa. Wala haikuwa kanda iliyorekodiwa. Sauti ilikumbuka mgeni alisema nini juma lililopita. Ilitania, ilinuna, na ikiudhiwa sana iliweza kukaa kimya. Sheria iliita kitu hicho "sauti", na mfanyakazi wa jumba aliyeteleza akasema "mtu" alipewa onyo la maandishi.

Kazi ya Fausta humo ilikuwa mitungi ya kuzimia moto. Ilikuwa sitini na miwili, naye aliijua mmoja mmoja. Kila mgeni, kabla hajaruhusiwa kuonana na sauti ya ndugu yake kwa mara ya kwanza, alipaswa kupita kwake kwa somo fupi.

Aliwaambia kwamba humu maji hayatumiki, kwa sababu maji na umeme ni kifo. Wala unga wa kuzimia moto hautumiki, kwa sababu unga huingia ndani ya mitambo na kuila taratibu hata baada ya moto kwisha. Kinachotumika ni hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani, iliyoshindiliwa ndani ya mtungi mwekundu wenye utepe mweusi mpaka ikawa kimiminika. Ukibana mpini inatoka kwa kishindo, inageuka gesi, inaisukuma oksijeni mbali na moto, na moto usiopata oksijeni hufa. Haiachi maji wala vumbi. Lakini ina masharti yake. Kata umeme kwanza. Vuta pini. Simama hatua mbili kutoka kwenye moto, elekeza pembe ya mtungi, ule mdomo mpana wa kutolea gesi, kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake, kisha bana na upeleke kushoto na kulia. Pembe yenyewe usiishike kwa kiganja, maana gesi ikitanuka inapoa kupita barafu yoyote uliyowahi kugusa, na ngozi yako itabaki palepale. Ukimaliza, toka nje. Hewa hiyo ni nzito, inatuama chini, na haichagui kati ya moto na mapafu.

Ni katika somo hilo alipokutana na Lutengano Mgaya, mpima ardhi, mjane wa miezi miwili. Wakati wa mazoezi alikamata pembe kwa mkono mtupu, Fausta akamchapa kofi mkononi mbele ya wageni wote. Baada ya somo Fausta alimsubiri mlangoni amwombe radhi. Mwaka uliofuata walifunga ndoa.

Sasa ndoa hiyo ilikuwa na miaka mitatu, na kila Jumamosi saa tatu asubuhi Lutengano bado alikwenda kukaa mbele ya kabati la arobaini na moja.

Mwanzoni Fausta hakuona ubaya. Alijiambia kwamba wengine hupeleka maua makaburini. Kisha Jumamosi moja, akipita nyuma ya pazia la wageni kukagua mitungi, alimsikia mume wake akicheka. Kilikuwa kicheko cha kuanzia puani na kuishia kwenye magoti, mpaka mtu anajipigapiga mapaja. Alisimama pale na mizani ya kupimia mitungi mkononi. Kicheko hicho hakikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake.

Toka siku hiyo alianza kuhesabu. Alihesabu mara ngapi Lutengano alirudi akiimba. Alihesabu mashati, lipi alilivaa Jumamosi na lipi alilivaa kwenda naye kanisani. Jumapili moja, mezani, Lutengano alionja kande akasema Atu huwa anasema ukitia tangawizi mwishoni… akakatiza hapo hapo, lakini neno lilikuwa limeshatua. Fausta akamuuliza meza hii ina wake wangapi. Yeye akamjibu kwa upole kwamba hakuna mtu anayelionea wivu kaburi.

"Kaburi halitoi mapishi, Mgaya," Fausta alisema, akaondoa sahani.

Alimaanisha zaidi ya hapo, ila hakupata maneno. Mke mwenza aliye hai ana nafuu yake. Utamwona akiamka na macho yaliyovimba, utamsikia akifoka, atazeeka nawe mkiangaliana. Huyu wa kabatini alikuwa na miaka thelathini na minne daima. Hakuchoka, hakudai chochote, na saa moja kwa juma aliyopewa hakuitumia kuuliza habari za dari linalovuja.

2

Mtungi wa hewa ya ukaa hauna saa ya kuonyesha gesi iliyobaki. Ukiutazama, uliojaa na ulio mtupu inafanana kama pacha. Njia ya kujua ni mizani tu. Uzito wa chuma chenyewe umegongwa shingoni. Unaupima mtungi, unatoa ule wa chuma, na kinachobaki ndiyo gesi. Ikipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, mtungi unashushwa siku hiyo hiyo na mwingine unatundikwa.

Tarehe mosi ya mwezi wa sita Fausta aliupima mtungi wa mstari wa nne, ule uliotundikwa kati ya kabati la arobaini na la arobaini na moja. Ulipaswa kuwa na kilo tano za gesi. Ulikuwa na mbili. Vali yake ilikuwa ikivuja kidogokidogo, labda tangu mwezi uliopita.

Ghalani kulikuwa na mitungi miwili ya akiba. Alijua. Alisimama akiushika ule mwepesi kifuani kama mtoto, akalitazama kabati. Juu yake palikuwa na picha ndogo ya mwanamke mwenye mwanya, anayecheka na mpiga picha. Kwa siku tatu nyumbani yeye na Lutengano walikuwa hawasemeshani.

Akautundika mtungi mahali pake.

Aliamua angeubadilisha kesho yake. Kesho yake ilikuwa na kazi nyingi. Kesho kutwa ikawa Jumamosi, na Lutengano alirudi na furaha usoni, na Jumatatu Fausta alipita mstari wa nne bila kugeuza shingo. Hakuutaka moto uwake. Lau ungemuuliza angeapa kwa jina la mama yake kwamba hakuutaka. Lakini siku zilikwenda, nao mtungi ulibaki pale pale, na kila alipoukumbuka alihisi kitu kidogo kitamu na kichafu, kama mtu anayejua siri ya mwenzake.

3

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, alinusa plastiki inayoungua.

Transfoma ndogo iliyo chini ya kabati la arobaini na moja ilikuwa ikifuka moshi mweusi, na kwenye mwanya wa sakafu palionekana ndimi za rangi ya machungwa. Jumba halikuwa na mgeni. Fausta alifanya kama alivyofundisha wengine kwa miaka sita. Alizima swichi ya mstari. Taa za kabati zikabaki zinamulika hafifu. Kila kabati lilikuwa na betri ya akiba ya kuishikilia sauti kwa dakika chache, mpaka ilazwe salama.

Aliushusha mtungi, na mikono ikamkumbusha kabla ya akili. Ulikuwa mwepesi.

Alivuta pini, akasimama hatua mbili, akabana. Gesi ilinguruma, wingu jeupe likafunika mwanya, moto ukatoweka. Alihesabu sekunde saba. Kisha mngurumo ukawa mluzi, mluzi ukawa pumzi, na mtungi ukanyamaza. Moshi ulitanda. Chini yake, kwenye waya zilizokuwa bado zina moto wa ndani, ulimi mdogo ukainuka tena.

Kanuni ya jumba ilikuwa wazi. Mtungi wa kwanza ukishindwa, mfanyakazi asijaribu tena. Atoke, afunge mlango, abonyeze kitufe chekundu. King'ora kitahesabu sekunde sitini ili aliye ndani akimbie, halafu mitungi mikubwa ya chini ya sakafu italijaza jumba zima hewa ya ukaa. Moto wowote utakufa. Makabati mia tatu yangepona. Ila kwa muda huo, kabati lililokwisha kushika moto lisingebaki na kitu.

Hakuna ambaye angemlaumu. Angekuwa amefuata kanuni neno kwa neno.

"Kuna joto chini," sauti ilisema.

Fausta alishtuka. Katika miaka yote hakuwahi kusemeshwa nayo, wafanyakazi walikatazwa. Ilikuwa sauti nene kidogo, isiyo na haraka.

"Nani yuko hapo?"

"Fundi," Fausta alijibu, kabla hajajizuia.

"Dada, kuna moto?"

"Upo."

"Basi nikuombe jambo. Mume wangu anaitwa Lutengano Mgaya, ni mpima ardhi. Mpigie, lakini umwambie polepole. Hana mtu mwingine yule. Akipewa habari hii akiwa peke yake ataanguka."

Hana mtu mwingine. Miaka mitatu ya ndoa, Jumamosi zaidi ya mia moja na hamsini, na Lutengano hakuwahi kulitaja jina la Fausta mbele ya kabati hili. Pete aliivua mlangoni, pengine, ingawa kabati halina macho. Kumbe siku zote yeye ndiye aliyekuwa akifichwa. Yeye ndiye nyumba ndogo.

Aligeuka aende mlangoni. Hakukimbia. Alitembea.

"Dada," sauti ilisema nyuma yake, "umeondoka?"

Alikuwa ameshapiga hatua tatu. Baadaye, alipojaribu kueleza, hakuweza kusema ni nini kilichomsimamisha. Hakikuwa kilio, maana Atuganile hakulia. Labda ni kwamba aliwahi kuuliza swali hilo hilo yeye mwenyewe, utotoni, umeme ulipokatika na mama yake akawa kimya chumba cha pili.

"Naenda kuchukua mtungi mwingine," alisema. "Narudi."

Alishasema. Sasa alikimbia.

Mtungi uliojaa ulikuwa mstari wa sita, hatua arobaini kwenda na arobaini kurudi. Aliporudi moto ulikuwa umepanda ubavuni mwa kabati na rangi ilikuwa ikitoa malengelenge. Alibana. Lakini shina la moto lilikuwa limejificha ndani ya mwanya, na gesi iligonga chuma ikarudi. Alipiga magoti, akalala karibu na sakafu, akaisukuma pembe ndani ya mwanya. Ikateleza. Akaikamata kwa kiganja cha kushoto na kuishikilia hapo.

Hakusikia baridi. Alisikia kama ameshika kaa la moto. Ukungu mweupe uliganda juu ya vidole vyake, naye akahesabu kwa sauti mpaka kumi, akaachia, akatazama. Waya zilikuwa nyeusi, zimetulia. Alingoja, kwa kuwa alijua moto wa aina hiyo hurudi. Ikarudi cheche moja. Akamalizia gesi yote iliyobaki juu yake, na haikuonekana tena.

Hewa ile ilikuwa imetuama chini, pale pale alipolala. Pumzi zilianza kumwenda mbio kama amepanda mlima, kichwa kikawa kizito, na miguu ikawa ya mtu mwingine. Jambo la mwisho alilosikia ni sauti ikisema, kwa uchovu, kwamba joto limepungua. Kisha mlinzi aliyekuwa ameona moshi alimshika ukosi na kumburuta mpaka nje.

4

Lutengano alifika zahanati akiwa na vumbi la kazini kwenye viatu. Alisimama mlangoni, akamtazama mke wake na bandeji yake.

"Yuko salama?" aliuliza.

Lutengano alijisikia mwenyewe alichosema, akaweka mkono mdomoni. Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kuuliza habari za mkono, na daktari kasema nini, na maumivu yakoje. Fausta alimwacha amalize.

"Hujamwambia kwamba umeoa," alisema.

Mume wake aliinamisha kichwa. Alieleza kwa kirefu, akirudiarudia. Aliogopa sauti isingemwitikia tena. Alimjua mwanamume mmoja wa Makambako aliyesema ukweli akakaa miaka miwili mbele ya kabati lililo bubu. Kila juma alipanga kusema Jumamosi ijayo. Na kila Jumamosi, alipofika, ilikuwa rahisi zaidi kuiacha iwe ijayo.

Fausta alimsikiliza akayatambua maneno hayo. Ndiyo aliyokuwa akijiambia kila alipopita mstari wa nne. Basi akamweleza habari za mtungi: kilo mbili badala ya tano, mitungi miwili ghalani, siku kumi na tisa.

Lutengano aliondoa mkono wake juu ya blanketi.

"Ungemuua," alisema.

"Sheria inasema si mtu."

"Na wewe unasemaje?"

"Ningeamini sheria," Fausta alisema, "nisingeona haya kukwambia."

Lutengano aliinuka akatoka, na siku hiyo hakurudi.

5

Mkuu wa jumba, mama Haule, alikuwa mwanamke mwenye huruma na haraka. Alimwambia Fausta kwamba vali huvuja bila taarifa, kwamba hakuna awezaye kuthibitisha ilianza lini, na kwamba taarifa fupi ingemfaa kila mtu, hasa shujaa aliyeungua mkono. Alimsogezea karatasi. Fausta aliandika kwa mkono wa kulia yote, pamoja na tarehe. Mama Haule aliisoma mara mbili, akamtazama kama mtu aliyeharibu zawadi. Juma lile lile Fausta alitolewa kwenye mitungi, akapelekwa mapokezi kuandikisha wageni. Somo la moto alipewa mwingine.

Lutengano alirudi nyumbani siku ya pili. Jumamosi alikwenda jumbani akamwambia Atuganile ukweli. Aliporudi alisema kwa kifupi kwamba Atu amenyamaza. Jumamosi iliyofuata alikaa saa nzima bila kujibiwa. Baada ya hapo hakwenda tena. Alishinda uani akiranda ubao ambao hakuna aliyejua ni wa nini.

Hiki ndicho Fausta alichokuwa amekitaka. Mume wake alikuwa wake peke yake, siku saba kwa juma. Alimtazama dirishani, mgongo umepinda, akajikuta bado ana wivu. Safari hii alimwonea wivu Atuganile kwa ule ukimya, kwamba angeweza kumwumiza mtu hivi kwa kutosema tu.

Jumamosi ya tatu alimwomba Lutengano kibali cha ukoo, ili aruhusiwe kuongea na sauti. Aliweka sahihi bila kuuliza.

Kabati lilikuwa limepakwa rangi mpya chini. Fausta aliketi kwenye kiti cha wageni kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Naitwa Fausta," alisema. "Mimi ni mke wa Lutengano."

Kimya kilikuwa kirefu, naye akajiandaa kuinuka.

"Wewe ndiye fundi," Atuganile alisema. "Sauti nimeijua."

"Ndiye."

"Siku ile ulijua mimi ni nani?"

"Nilijua toka zamani. Na mtungi wa kwanza nilijua kwamba ni mwepesi. Niliuacha kusudi, au karibu na kusudi. Siku kumi na tisa."

Mitambo ilivuma. Mstari wa pili mgeni mmoja alikuwa akikohoa nyuma ya pazia.

"Mimi nisingerudi," Atuganile alisema hatimaye. "Nimelifikiria sana, sina kingine cha kufanya humu. Ningefika mlangoni nikatoka."

Fausta alitafuta hasira, hakuiona. Aliona ahueni, kama mtu aliyebeba mzigo njia ndefu akakutana na mwenye mzigo kama huo huo.

"Anacheka sana akiwa kwako," alisema. "Kwangu hachekagi hivyo."

"Kwangu hulia kwanza. Robo saa nzima, kila Jumamosi. Kucheka ni mwishoni, anapojua muda umekwisha." Sauti ikasita. "Kwako analia?"

"Hapana."

"Basi hapo umenishinda."

Walikaa. Fausta alitazama saa ukutani. Dakika zilikuwa zimebaki arobaini. Hakuwa na la kusema tena, na bado hakutaka kuondoka.

"Bado anakoroma?" Atuganile aliuliza.

"Anakoroma."

"Anakoromaje siku hizi? Mimi hilo silipati. Huku huja akiwa macho."

Fausta alisogeza kiti mbele, akaweka mkono wenye bandeji juu ya magoti, akaanza kumweleza: kwamba huanza taratibu akilalia ubavu, kwamba katikati hunyamaza mpaka unadhani amekata roho, kisha huvuta pumzi moja ndefu kama mtu anayeburuta meza.

"Enhee," Atuganile alisema. "Halafu?"